Diski ya Mgongo Iliyochomoza na Tiba Isiyohitaji Kisu

Barabara itokayo Mafinga kuelekea Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, hupita kwa mwendo mrefu katikati ya misitu iliyopandwa kwa mkono wa binadamu. Misindano imesimama safu kwa safu, na hapa na pale mikaratusi, hata mgeni hudhani kwamba nyanda zote za juu ni shamba moja la miti. Ni misitu hiyo ya Sao Hill, pamoja na maji ya mto Kigogo Ruaha na ukaribu wa reli ya TAZARA, iliyofanya kiwanda cha karatasi kijengwe Mgololo na kuanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Kiwanda hicho kimepitia vipindi vya neema na vipindi vya kusimama, tena kimebadilishwa umiliki, lakini kazi ya msingi ya eneo zima haikubadilika: mti huangushwa, hukatwa vipande, huinuliwa na kupakiwa. Mashine zipo, hata hivyo, sehemu isiyo ndogo ya kuinua huko hufanywa na mgongo wa mtu.

Mfano ufuatao haumhusu mtu mmoja maalumu, bali umetungwa kutokana na mambo ambayo waganga hukutana nayo kila mara. Mpakiaji wa magogo mwenye umri wa miaka 38 ameamka asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, akaenda kazini, akainama kushika ncha ya gogo huku mwili wake umegeuka upande. Alipoliinua alihisi kitu kama kukwanyuka kiunoni. Siku hiyo alimaliza kazi kwa taabu. Baada ya siku mbili maumivu ya kiuno yalipungua kidogo, lakini yalizuka mengine mabaya zaidi, yakishuka kutoka takoni, nyuma ya paja, kando ya muundi hadi juu ya wayo, mithili ya moto unaopita ndani ya waya. Akikohoa au kupiga chafya moto huo huongezeka. Kidole gumba cha mguu kina ganzi.

Majirani humjia na maneno mengi. Mmoja humwambia kwamba pingili imehama na kwamba akikanyagwa mgongoni na mtoto mdogo itarudi mahali pake. Mwingine humwambia kwamba pingili zimesagika na hakuna dawa ila kupasuliwa Dar es Salaam, la sivyo atakuwa kilema. Mgonjwa huanza kuhesabu. Anayo ekari moja ya misindano aliyoipanda mwenyewe, ambayo haijakomaa, na tayari yuko mnunuzi anayetaka kuinunua kwa bei ya kutupa. Je, aiuze ili apate nauli na gharama za upasuaji? Au angoje? Swali hilo ni la fedha na la hofu, lakini jibu lake limo katika elimu ya viumbe na, kwa kiasi fulani, katika fizikia inayofundishwa shule ya sekondari.

Kitu kilichochomoza

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pingili zinazoweza kusogea ni 24: saba za shingo, kumi na mbili za kifua na tano za kiuno. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa baina ya mbili za juu kabisa, kuna kisahani cha gegedu ambacho waganga hukiita diski. Kwa jumla diski hizo ni 23. Kila moja ina sehemu mbili. Katikati kuna kiini laini, chenye ute mzito unaovuta maji. Katika ujana maji hayo ni kiasi cha sehemu nne kwa tano za uzito wa kiini. Kukizunguka kiini kuna pete ngumu ya nyuzi, iliyofumwa tabaka juu ya tabaka, na nyuzi za kila tabaka hulalia upande ulio kinyume na za tabaka la jirani, kama ukindu katika mkeka uliosukwa vizuri. Ndiyo sababu diski huweza kubeba mzigo mkubwa bila kupasuka.

Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu isipokuwa kwenye kingo zake. Hupata chakula kwa kupenyezewa maji kutoka katika mfupa wa jirani. Mchana, mtu akiwa wima, uzito wa mwili huyakamua maji. Usiku, akiwa amelala, diski huyanywa tena. Mwalimu anayetaka kuonyesha jambo hili darasani hahitaji chombo chochote ila ukuta na kalamu: mwanafunzi akipimwa kimo mara tu aamkapo, na tena jioni, ataonekana amepungua karibu sentimeta moja, pengine zaidi.

Kadiri miaka inavyopita kiini hupoteza maji na pete huanza kupata nyufa. Siku moja, kwa mzigo mkubwa au hata kwa chafya tu, kiini husukumwa kupitia ufa huo na kuchomoza nje, kwa kawaida kwa upande wa nyuma na kando kidogo. Hapo ndipo inapopita mizizi ya neva itokayo katika uti kwenda miguuni. Maneno ya mitaani, basi, hayaelezi sawasawa. Pingili haikuhama, wala haikusagika, na hakuna kitu ambacho unyayo wa mtoto unaweza kukirudisha ndani. Zaidi ya asilimia 90 ya diski za kiuno zinazochomoza ni mbili za chini kabisa: ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano, na ile iliyo kati ya pingili ya tano na mfupa wa sakramu.

Mganga aliye makini huweza kuitambua neva iliyobanwa bila mashine yoyote. Humlaza mgonjwa chali na kuinua mguu wake ulionyooka. Ikiwa moto uleule unashuka chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, neva imevutwa mahali ilipobanwa. Kisha humwambia akunje kidole gumba cha mguu kwenda juu dhidi ya mkono wake. Kidole kikilegea, neva ya tano ya kiuno ndiyo yenye taabu. Mgonjwa akishindwa kusimama kwa ncha za vidole, na mguu usiporuka unapogongwa kwenye kano ya kisigino, shaka huelekea neva ya kwanza ya sakramu. Vipimo hivi vyaweza kufanyika katika zahanati yoyote. Picha ya eksirei haisaidii sana katika jambo hili, kwa kuwa huonyesha mifupa, na diski si mfupa.

Picha ya MRI, inayopatikana katika hospitali kubwa, huonyesha diski waziwazi, lakini ni lazima isomwe kwa hadhari. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapima kwa mashine hiyo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na angalau diski moja iliyofutuka, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza. Watu hao walikuwa wakitembea na kufanya kazi bila kujua. Picha pekee, bila dalili zinazolingana nayo, si ugonjwa.

Mkono wa wenzo

Kwa nini kiuno? Mwanafunzi aliyesoma habari za wenzo ana jibu tayari. Diski ya chini ni egemeo. Mbele yake kuna mzigo ulioshikwa mikononi. Nyuma yake kuna misuli ya mgongo inayovuta ili mtu asianguke kifudifudi. Misuli hiyo iko sentimeta tano tu hivi nyuma ya egemeo. Tuseme mzigo ni wa kilo 20, yaani nguvu ya karibu newtoni 200, na umeshikwa sentimeta 40 mbele ya diski. Ili kuwe na msawazo, misuli lazima ivute kwa nguvu ya 200 mara 40 gawanya kwa 5, ambayo ni newtoni 1,600. Diski, ikiwa katikati, hubanwa na zote mbili: newtoni 1,800, bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Mzigo uleule ukisogezwa karibu na tumbo, sentimeta 20 kutoka kwenye diski, misuli huvuta kwa newtoni 800 tu na diski hubanwa kwa 1,000. Hakuna kilichobadilika katika mzigo. Kilichobadilika ni umbali.

Hesabu hizo zimethibitishwa kwa vipimo. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walipachika kipima kanieneo ndani ya diski ya kiuno ya mwanamume mmoja aliyejitolea, wakamfuata katika shughuli zake. Alipolala chali kanieneo ilikuwa megapaskali 0.1, aliposimama, 0.5, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya kanieneo ya upepo katika gurudumu la gari dogo. Alipoinua kilo 20 kwa kuinama na mgongo uliopinda ilifika 2.3. Alipoinua mzigo huohuo kwa kukunja magoti ilikuwa 1.7.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuutupia mzigo lawama zote. Uchunguzi uliofanywa Finland kwa mapacha wanaume wanaofanana, ambao mmoja alifanya kazi nzito na mwenzake nyepesi, ulionyesha kwamba diski zao zilichakaa kwa namna inayokaribiana mno, na kwamba urithi ulikuwa na sehemu kubwa kuliko kazi. Mpakiaji wa Mgololo na karani wa ofisini wote wawili huweza kupatwa. Tofauti ni kwamba karani, akiumwa, hurudi kwenye kiti chake, na mpakiaji hana kiti cha kurudia.

Jinsi mwili unavyojitibu

Ugonjwa huu ulieleweka vyema mwaka 1934, wakati madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walipoonyesha kwamba uvimbe uliokuwa ukikutwa katika migongo ya wagonjwa, na kudhaniwa kuwa saratani ya gegedu, kwa kweli ulikuwa kipande cha diski. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulizaa haraka ya kupasua. Kwa miaka mingi ilionekana kuwa jambo la wazi: kitu kimechomoza, basi kiondolewe.

Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba mwili wenyewe hukiondoa. Kiini cha diski, tangu mtu yu tumboni mwa mamaye, kimefungiwa mahali pasipo na damu. Kinapotoka nje kwa mara ya kwanza hukutana na chembe za ulinzi za damu, nazo hukitazama kama kitu kigeni. Mishipa midogo ya damu huota kukizunguka. Chembe kubwa zilazo uchafu hukishambulia na kukila kidogo kidogo. Nacho, kwa kupoteza maji, hunywea. Hapa pana jambo la ajabu. Kadiri kipande kilivyotoka zaidi, ndivyo uwezekano wa kutoweka unavyokuwa mkubwa, kwa sababu ndivyo kinavyoifikia damu. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta kwamba vipande vilivyokatika kabisa na kujitenga na diski vilipungua au kutoweka vyenyewe kwa asilimia 96 ya wagonjwa. Vile vilivyotoka nje bila kukatika, asilimia 70. Vilivyochomoza kidogo, asilimia 41. Na diski zilizofutuka tu, asilimia 13. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa kwamba kipande chake ni kikubwa ana sababu ya kuogopa maumivu, lakini hana sababu ya kukata tamaa.

Shambulio hilo la damu lina gharama yake. Kemikali zinazotolewa katika vita hivyo huichoma neva ya jirani, na ndizo zinazofanya majuma ya mwanzo yawe machungu kupita kiasi. Maumivu si ya kubanwa peke yake. Ni ya kubanwa na kuvimba pamoja.

Je, kungoja kunafaa kweli? Mwaka 1983 Henrik Weber wa Oslo alitoa matokeo ya wagonjwa 126 aliowagawa kwa kura, wengine wakapasuliwa na wengine wasipasuliwe. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imefifia, na baada ya miaka kumi haikuonekana. Mwaka 2007 Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi walichapisha utafiti mwingine wa wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa vikali kwa majuma 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walijiona wamepona, kwa wastani, baada ya majuma manne. Waliotibiwa bila kisu, baada ya majuma kumi na mawili. Mwisho wa mwaka, katika makundi yote mawili, asilimia 95 walisema wamepona. Ni haki kusema pia kwamba katika kundi la pili wagonjwa 39 kati ya kila 100 walishindwa kuvumilia, wakapasuliwa baadaye. Kwa hiyo kisu si adui. Hununua muda, na kila mgonjwa anapaswa kuelezwa bei ya muda huo kabla hajauza miti yake.

Kulala, kutembea, kunyoosha mgongo

Zamani mgonjwa wa diski alilazwa kitandani kwa majuma mawili au matatu, pengine juu ya ubao. Ushauri huo umeachwa. Mwaka 1999 watafiti wa Maastricht waliwagawa wagonjwa 183 wenye maumivu ya kushuka mguuni. Nusu walilala majuma mawili, nusu waliambiwa waendelee na shughuli kadiri walivyoweza. Baada ya majuma mawili asilimia 70 ya waliolala walikuwa wamepata nafuu, na asilimia 65 ya wasiolala, tofauti ambayo ni ya bahati tu. Baada ya majuma kumi na mawili makundi yote mawili yalikuwa kwenye asilimia 87. Kulala, basi, hakuponyi, na misuli isiyotumika hudhoofika upesi. Siku moja au mbili za kujilaza maumivu yanapozidi, huku magoti yamewekewa mto, hazina madhara. Baada ya hapo mgonjwa aondoke kitandani, atembee mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, na auongeze kila juma. Katika vilima vya Mufindi atafanya vyema kuanza na njia tambarare, maana kushuka mteremko huutikisa mgongo kuliko kupanda.

Mazoezi ndiyo kiini cha tiba isiyo ya kisu, na historia ya baadhi yake inachekesha. Mwaka 1956, katika mji wa Wellington huko New Zealand, mgonjwa mmoja wa mtaalamu wa viungo Robin McKenzie aliambiwa aingie chumbani akalale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa na mgonjwa aliyetangulia kikiwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Mgonjwa alilala hivyohivyo, mgongo umekunjika kinyumenyume, na McKenzie aliporudi baada ya dakika tano alishtuka kumkuta katika hali ambayo wakati huo ilidhaniwa kuwa ya hatari. Mgonjwa akasema kwamba kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa maumivu ya mguu yametoweka. Yamebaki kiunoni tu. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga utaratibu mzima wa mazoezi. Kanuni yake kubwa ni rahisi kushika: zoezi ambalo huyarudisha maumivu juu, kutoka wayo kwenda goti, kutoka goti kwenda kiuno, liendelezwe, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo, zoezi linaloyashusha maumivu kuelekea wayo liachwe mara moja.

Zoezi la mwanzo huhitaji mkeka tu. Mgonjwa hulala kifudifudi dakika chache. Kisha huegemea viwiko. Akiweza, huinua kifua kwa mikono huku nyonga zimebaki chini, akashuka, akarudia kiasi cha mara kumi, kila baada ya saa chache. Si kila mgonjwa hupata nafuu kwa njia hii. Wapo ambao kukunja magoti kifuani ndiko kunakowafaa. Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya viungo anahitajika, angalau kwa mara ya kwanza, ili achague. Wataalamu hao si wengi, na wengi wao wako katika hospitali za mikoa na za rufaa. Lakini kazi hii ina sifa moja njema: mgonjwa akishafundishwa, dawa yake anaondoka nayo. Baada ya maumivu kutulia hufuata mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo, ya mgongo na ya matako, na haya ni ya miezi, si ya siku.

Kuchua kwa mafuta na kukanda kwa maji ya moto, kama wafanyavyo wazee wetu, hulegeza misuli iliyokakamaa na kumpa mgonjwa usingizi. Hakuna ubaya, maadamu asipigwe, asikanyagwe wala asipindwe kwa nguvu. Kuvutwa mgongo kwa uzito na kamba, kulikokuwa kawaida hospitalini miaka ya nyuma, hakukuonyesha faida katika majaribio.

Vidonge na sindano

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe na huwasaidia wengine kupita majuma ya mwanzo. Hazirudishi diski. Zikimezwa kwa miezi, hasa bila chakula, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na mwenye shinikizo la damu awe mwangalifu zaidi. Dawa mpya zinazosifiwa kuwa za neva hazikufanya vizuri zilipopimwa: mwaka 2017 jaribio la Australia kwa wagonjwa 209 lilikuta kwamba pregabalini haikupunguza maumivu ya mguu kuliko kidonge kisicho na dawa, ila ilileta kizunguzungu kingi zaidi. Sindano ya steroidi, inayopigwa na daktari karibu na mzizi wa neva, huweza kutoa nafuu ya majuma kadhaa kwa baadhi ya wagonjwa, na majuma hayo huwa na thamani ikiwa yanatumika kufanya mazoezi. Sindano hiyo haipigwi zahanati, wala si sawa na ile ya takoni ambayo wengi huidai.

Kuna sindano nyingine ambayo haitumiki tena, na ambayo habari yake yawahusu watu wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, kwa sababu ilitoka katika papai. Utomvu wa papai bichi, ambao mama wa nyumbani hutumia kulainisha nyama ngumu, una vimeng'enya vinavyokata protini. Tanganyika na nchi jirani ziliwahi kuuza utomvu huo mkavu ng'ambo. Mwaka 1956 Lewis Thomas, daktari wa Marekani, alimdunga sungura kimeng'enya hicho katika mshipa wa damu, na masikio ya sungura, ambayo husimamishwa na gegedu, yakalala chini kama majani yaliyonyauka. Baada ya siku chache yalisimama tena. Daktari mwingine, Lyman Smith, alijiuliza: kama gegedu la sikio linayeyuka, je, kiini cha diski? Katika miaka ya 1960 alianza kudunga kimopapaini ndani ya diski za wagonjwa, na mwaka 1982 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Wagonjwa wengi walipona. Lakini wachache walipatwa na mzio mkali wa ghafla, na wengine wachache walipooza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa ikaondolewa sokoni. Yafaa kuongeza kwamba kula mapapai, hata kapu zima, hakufikishi chochote kwenye diski.

Dalili zisizongoja

Yote yaliyoelezwa yanamhusu mgonjwa ambaye neva yake imechokozwa lakini haijafa. Kuna dalili ambazo mbele yake kungoja ni hatari. Mgonjwa akipata ganzi sehemu za siri na mahali pa kukalia, akashindwa kukojoa au akajikuta mkojo au choo vinatoka bila yeye kujua, fungu zima la neva za chini limebanwa, naye anahitaji kupasuliwa haraka, kwa saa na si kwa majuma. Hapo zahanati isimwandikie vidonge. Impeleke Mafinga usiku huohuo, na kutoka huko rufaa ifuate, Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wayo unaolegea na kuburuzika, ukizidi kulegea siku hadi siku, nao pia ni wa daktari wa upasuaji.

Kisha yako maradhi yanayojifanya diski. Katika nchi yetu la kwanza kukumbukwa ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho hula pingili polepole: mgonjwa hukonda, hutoka jasho usiku, ana homa za jioni, na maumivu hayapungui hata akilala. Homa ya kutupa mimba ya wanyama, ambayo wafugaji huambukizwa kwa maziwa mabichi, huweza kuuma mgongo vilevile. Mazoezi ya McKenzie hayatibu kifua kikuu.

Siku ya kurudi kazini

Mpakiaji wa mfano wetu hana ganzi ya sehemu za siri, wayo wake haulegei, hakonda. Ana kila sababu ya kujaribu majuma sita hadi kumi na mawili ya tiba isiyo ya kisu kabla ya kumjibu yule mnunuzi wa misindano. Taabu yake ni nyingine: atakula nini katika majuma hayo? Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na jeraha lililopatikana kazini lapaswa kuripotiwa na mwajiri. Lakini kibarua anayelipwa kwa gari lililojaa mara nyingi hana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliajiriwa, na hapo ndipo tiba bora yaweza kushindwa, kwa sababu mgonjwa hurudi kuinua magogo katika juma la pili.

Na gogo lenyewe lina uzito gani? Hili ni zoezi jema kwa darasa la hisabati. Kipande cha msindano chenye urefu wa meta 2 na kipenyo cha sentimeta 20 kina ujazo wa pai mara 0.1 mara 0.1 mara 2, yaani meta za ujazo 0.063. Mti uliokatwa leo, ambao bado umejaa maji, una uzito wa karibu kilo 900 kwa meta ya ujazo. Gogo hilo, basi, lina kilo 56 au 57. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Na wataalamu wa Marekani, katika kanuni yao ya kuinua mizigo ya mwaka 1991, walianza hesabu zao na kilo 23, tena kwa mzigo ulio karibu na mwili na usiohitaji kujigeuza.

Gogo likikatwa mara mbili lina kilo 28. Likishikwa na watu wawili, kila mmoja ana nusu. Likiviringishwa juu ya miti miwili iliyoegemezwa kwenye tela badala ya kuinuliwa, sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na miti hiyo. Na likiachwa msituni majuma kadhaa kabla ya kupakiwa, jua na upepo wa Mufindi huondoa kilo nyingi za maji bila mtu yeyote kuinama.